Nzi weupe wa muhogo: Fedha ya mkulima iende kwenye mbegu, si kwenye bomba la dawa

KILA mvua zinapokaribia, miti ya muhogo huanza kusafiri. Hufungwa mafungu kwa kamba, hupakiwa kwenye baiskeli, pikipiki au juu ya basi, na kushushwa kijiji cha jirani au hata wilaya nyingine ili iuzwe kama mbegu. Mnunuzi huangalia unene wa mti na kama haujakauka. Ni mara chache anauliza umetoka shamba gani, na shamba hilo lilikuwa na hali gani.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo linaloamua msimu mzima. Ndani ya mti ulionona yanaweza kuwamo magonjwa mawili ambayo yamewatia hasara wakulima wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 80. Magonjwa hayo ni batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili husambazwa shambani na mdudu mmoja, nzi mweupe.

Kwa sababu mdudu huyo anaonekana na virusi havionekani, wakulima wengi humalizia hasira zao kwake. Hukimbilia duka la pembejeo, hununua dawa na kuazima bomba la kupulizia. Ni hatua inayoeleweka, lakini kwa zao la muhogo hesabu yake haifungi. Ukifuatilia namna nzi huyu anavyoishi na namna kila ugonjwa unavyosafiri, unakuta kwamba shilingi ya mkulima inalinda muhogo zaidi ikitumika kutafuta mbegu safi.

Mdudu wa milimita moja

Nzi mweupe ana urefu wa takriban milimita 1. Kwa kweli si nzi. Ni wa jamii moja na vidukari na vidung'ata, wadudu wanaoishi kwa kuchoma mmea kwa mdomo ulio mfano wa sindano na kufyonza utomvu. Mabawa yake yamepakwa nta nyeupe inayofanana na unga. Ukitikisa kilele cha mmea ulioshambuliwa, wanaruka kama vumbi na punde wanarudi chini ya majani machanga.

Jike hutaga mayai upande wa chini wa majani hayo ya juu. Mtoto anapoanguliwa hutembea kidogo tu, huchagua mahali, huchomeka mdomo na kubaki hapo akifyonza mpaka akomae. Kutoka yai hadi mdudu anayeruka huchukua takriban wiki tatu hadi nne wakati wa joto. Muhogo nao hukaa shambani miezi 9 hadi 12, na aina nyingine zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba shamba moja linaweza kupitiwa na vizazi karibu 10 vya nzi weupe kabla ya kuvunwa.

Wakiwa wengi sana, kufyonza kwenyewe ni hasara. Majani hugeuka manjano na mmea hudumaa. Aidha, wadudu hao hutoa majimaji yenye sukari ambayo hudondokea majani ya chini, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi unaozuia jani kupata mwanga. Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote haitokani na utomvu anaounywa, bali na virusi anavyohamisha kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima.

Magonjwa mawili, safari mbili

Batobato ni ugonjwa wa zamani. Ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Majani hupata mabaka ya manjano au ya kijani kilichopauka, hujikunja na kuwa madogo, na mmea ulioathirika sana hauzai cha maana. Nzi mweupe anahitaji kufyonza mmea mgonjwa kwa saa kadhaa ndipo awe na uwezo wa kuambukiza. Akishaupata uwezo huo, hubaki nao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo batobato inaweza kusafiri na mdudu mbali kiasi, hasa upepo unapomsaidia.

Michirizi ya kahawia iliripotiwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, kilichoko milima ya Usambara mkoani Tanga. Safari yake ni tofauti. Nzi huvipata virusi vyake ndani ya dakika chache tu, lakini pia huvipoteza haraka, ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo huuhamisha ugonjwa kutoka mmea hadi mmea, au kutoka shamba hadi shamba la karibu. Si mdudu wa kuuvusha mkoa.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Michirizi ya kahawia inapoibuka ghafla mamia ya kilometa kutoka ilikokuwa, aliyeibeba si nzi. Aliyeibeba ni mtu mwenye mzigo wa miti.

Ugonjwa huu una ubaya mwingine, nao ni kujificha. Dalili za majani huwa ni umanjano kandokando ya mishipa ya majani yaliyokomaa ya chini, ambao mkulima anaweza kudhani ni uzee wa jani. Kilele cha mmea huweza kuwa kijani na kizuri hadi siku ya kuvuna. Anapokata muhogo ndipo anapokutana na mabaka makavu, magumu, ya rangi ya kahawia. Huo hauliki, hautoi makopa mazuri wala unga mweupe, na mnunuzi anayejua kazi yake huukataa. Wakulima wengine, wakiogopa kuoza, huvuna mapema kabla muhogo haujajaa, na hiyo nayo ni hasara.

Yaliyotokea Uganda na kwingineko

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Uganda lilianza wimbi la batobato kali kuliko ile iliyozoeleka. Watafiti walikuja kugundua kwamba lilisababishwa na virusi vilivyotokana na kuchanganyika kwa aina mbili, na kwamba liliambatana na wingi wa nzi weupe usio wa kawaida. Ugonjwa ulisonga mbele takriban kilometa 20 hadi 30 kwa mwaka. Katika maeneo mengi wakulima waliacha kabisa kulima muhogo, na walioutegemea kwa chakula walikumbwa na njaa. Katika miaka ya 1990 wimbi hilo liliingia magharibi mwa Kenya, na kufikia mwisho wa muongo huo lilikuwa limefika mkoani Kagera. Huo ulikuwa mwendo wa mdudu, wa hatua kwa hatua, ambao mtu angeweza kuufuata kwenye ramani.

Michirizi ya kahawia haikwenda hivyo. Kwa miongo mingi ilijulikana kama ugonjwa wa Pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, maeneo yaliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2004 ikaonekana Mukono, Uganda, juu ya kimo hicho. Katika miaka iliyofuata iliripotiwa katika nchi nyingine za ukanda wa Maziwa Makuu, zikiwamo Burundi na Rwanda. Rwanda ilipata pigo kubwa mwaka 2014.

Somo chungu la kipindi hicho ni kwamba aina kadhaa za muhogo zilizosambazwa Uganda kwa sababu zinakinza batobato zilionekana baadaye kuwa hazihimili michirizi ya kahawia. Mkulima alikuwa ametoka kwenye tatizo moja na kuingia katika jingine, akiwa na mbegu iliyosifiwa mkononi.

Barani Asia pia mambo yamekuwa hayo hayo. Batobato iliripotiwa Cambodia mwaka 2015, kisha Vietnam mwaka 2017 na Thailand mwaka 2018. Nzi weupe walikuwapo huko, lakini biashara ya miti ya kupanda, ndani ya nchi na kuvuka mipaka, ndiyo iliyourahisishia ugonjwa mwendo.

Kwa nini dawa haifui dafu

Mkulima wa nyanya anaweza kuuliza kwa nini yeye hupulizia nzi weupe na akaona nafuu. Jibu ni kwamba nyanya ni zao la miezi michache, lenye bei inayoweza kubeba gharama hiyo, na hata huko dawa pekee haimalizi tatizo. Muhogo ni zao la mwaka mzima linalofikia kimo cha mtu au kumpita. Kupambana na vizazi 10 vya mdudu anayejificha chini ya jani ni kupulizia mara nyingi, kwa maji mengi na vibarua wengi, kwa ajili ya zao ambalo bei yake kwa gunia ni ndogo.

Pili, nzi weupe wanajulikana duniani kote kwa kuzoea dawa. Makundi mengi ya viuatilifu yamepoteza nguvu dhidi yao katika nchi mbalimbali, hasa pale dawa moja ilipotumiwa mfululizo.

Tatu, dawa haichagui. Katika mashamba ya muhogo wamo nyigu wadogo mno wanaotaga mayai yao ndani ya watoto wa nzi weupe na kuwaua. Dawa inayoua wadudu wa kila namna huwaondoa askari hao wa bure, na nzi weupe wanaobaki huzaliana bila wa kuwazuia.

Nne, jani la muhogo ni mboga. Kisamvu huchumwa shambani leo na kuliwa leo. Shamba lililopuliziwa jana ni hatari kwa familia ya mkulima na kwa mteja wa sokoni ambaye hajui lolote.

Sababu ya tano inazipita zote. Hakuna dawa inayomponya muhogo aliyepandwa akiwa mgonjwa. Kipande kilichotoka kwenye mti wenye virusi huchipua kikiwa na virusi, na hata nzi wote wa kijiji wangekufa siku hiyo, mmea huo ungebaki mgonjwa hadi mwisho.

Hesabu ya mbegu

Chukua mfano wa ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Inabeba takriban mimea 4,000. Ikiwa kila mmea utatoa kilo moja tu, mkulima atavuna tani nne. Theluthi moja ikioza kwa michirizi ya kahawia, amepoteza zaidi ya kilo 1,300, huku palizi, kodi ya shamba na vibarua akiwa amevilipia kwa ekari nzima. Ni vizuri kila mkulima afanye hesabu hiyo kwa bei ya soko lake, kisha ailinganishe na bei ya mbegu iliyokaguliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama mbegu safi ina faida hivyo, kwa nini ni adimu? Jibu liko katika zao lenyewe. Punje moja ya mahindi hurudisha mamia, lakini mmea mmoja wa muhogo hutoa takriban pingili 10 tu za kupanda kwa mwaka. Ekari moja ya mbegu hutosha ekari 10 baada ya mwaka mzima. Mzigo wake ni mkubwa, hukauka ndani ya wiki chache, na mkulima akishanunua mara moja anaweza kuendelea kukata mbegu shambani mwake. Kampuni kubwa za mbegu hazioni faida hapo. Nafasi hiyo imebaki kwa wazalishaji wadogo walioko karibu na wakulima.

Nchini Tanzania utaratibu upo. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) huzalisha mbegu za awali, ambazo huongezwa kwa hatua hadi kumfikia mzalishaji wa kijijini. Taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu (TOSCI) hukagua mashamba. Mbegu za daraja la kuazimiwa zimewekwa mahsusi kwa ajili ya wazalishaji wadogo, na hukusudiwa kuuzwa karibu na zinapozalishwa. Kwa muhogo, ukaribu huo ni faida, kwa kuwa mbegu isiyosafiri mbali haipeleki ugonjwa mbali.

Tatizo ni soko. Mti uliokaguliwa na ule wa jirani hufanana machoni, na wa jirani mara nyingi hutolewa bure. Mzalishaji aliyeng'oa mimea yenye dalili na kulipia ukaguzi analazimika kuuza bei ya juu, na mnunuzi asiyejua tofauti humwona mlanguzi. Mambo yakiendelea hivyo, anayezalisha mbegu safi ataacha, na anayeuza chochote atabaki sokoni. Halmashauri na wenye viwanda vya unga na wanga ndio wenye nafasi ya kubadili hali hiyo, kwa kununua mbegu zilizokaguliwa pekee wanapowagawia au kuwakopesha wakulima. Fungu kubwa la mbegu zisizokaguliwa, hata likitolewa kwa nia njema ya msaada, linaweza kuingiza ugonjwa katika kata nzima kwa siku moja.

Kuvumilia si kukinza

Aina bora ni nguzo nyingine. Watafiti wa Tanzania wametoa aina kadhaa, zikiwamo Mkombozi, Kipusa, Chereko na Kizimbani. Aina ya Kiroba nayo imependwa sana na wakulima wa Pwani kwa kuwa huendelea kuzaa hata panapokuwa na michirizi ya kahawia.

Lakini kuvumilia ugonjwa si sawa na kuukinza. Aina inayovumilia inaweza kuwa na virusi ndani yake huku mwenye shamba akivuna vizuri. Nzi weupe wakitoka hapo kwenda shamba la jirani aliyepanda aina dhaifu, jirani ndiye anayelipa. Kwa hiyo jina la aina peke yake halitoshi kuwa cheti cha usafi. Hata aina bora hutakiwa kutoka kwenye shamba safi.

Mkulima peke yake hawezi

Ekari moja safi iliyozungukwa na mashamba yenye ugonjwa haikai safi kwa muda mrefu, kwa kuwa nzi hawana mipaka ya viwanja. Katika wilaya za Chato na Mkuranga, watafiti walishirikiana na vijiji kufanya jambo gumu. Wakulima walikubaliana kuondoa muhogo wa zamani, kupanda mbegu safi kwa pamoja na kuwekeana sheria ndogo za kuulinda. Michirizi ya kahawia ilipungua ikilinganishwa na mashamba ya nje ya mpango huo. Jambo hilo halikuhitaji dawa. Lilihitaji makubaliano, na muhogo wa kupanda wakati wa kuanza upya.

Kwa mkulima na mfanyabiashara anayejiandaa kwa msimu, hatua zenyewe ni hizi:

Kwanza, kagua shamba la mbegu kabla miti haijakatwa. Tazama majani ya juu kwa ajili ya batobato na ya chini kwa ajili ya michirizi. Tazama pia kama mti una michirizi ya rangi ya kahawia. Omba mimea michache ing'olewe, na mizizi ikatwe vipande. Ikiwa kuna uozo wa kahawia, usinunue, hata kama miti mingine inapendeza.

Pili, ondoa mabaki ya muhogo wa zamani na ule unaojiotea kabla ya kupanda. Huo ndio ghala la virusi ambako nzi huchota.

Tatu, pita shambani mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza, ung'oe mimea yenye dalili na kuitoa shambani. Katika batobato, jani lenyewe hukueleza ugonjwa umetoka wapi. Ikiwa dalili zimeanza na majani ya kwanza kabisa baada ya kuchipua, ulinunua ugonjwa pamoja na mbegu. Ikiwa majani ya chini ni safi na ya juu ndiyo yenye mabaka, nzi ameuleta baadaye.

Nne, usiweke shamba jipya kando ya shamba kuukuu lenye ugonjwa. Mwenye simu ya kisasa anaweza pia kutumia programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kupiga picha jani, hata pasipo mtandao.

Tano, kwa anayeuza miti, andika kila mzigo umetoka shamba gani na uwe tayari kumpeleka mteja akalione. Mwenye biashara ya mbegu anayeweza kujibu swali hilo bila kubabaika ana haki ya bei ya juu. Asiyeweza kulijibu anauza bahati nasibu, na anayekuja kuilipia ni mkulima, baada ya miezi 12 ya jembe.